Mbiu ya Mgambo Ndani ya Seli: Kinasi za Msongo na Homa ya Mtoto wa Kivukoni

Mwaka 2009, nikiwa daktari ambaye hata mwaka mmoja haujapita tangu ale kiapo, nililetewa usiku mtoto wa kiume wa miaka mitatu kutoka Kivukoni, ng'ambo ya Mto Kilombero. Wakati huo daraja halikuwapo. Mama yake alikuwa amekaa siku nne shambani, katika dungu, akilinda mpunga usiliwe na ndege. Mtoto alipochemka alimpa parasetamoli. Homa ikashuka, mama akamshukuru Mungu. Jioni homa ikarudi, akampa tena, ikashuka tena. Siku ya tatu mtoto alikakamaa na kugeuza macho. Majirani walisema ni degedege, na kwamba mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Babu yake alipokata shauri kumleta hospitali, pantoni ilikuwa imekwisha kufunga kazi, wakavushwa kwa mtumbwi.

Alipofika mikononi mwangu hakuwa na fahamu. Hadubini ilionyesha vimelea vingi vya malaria. Nilitundika dripu ya kwinini, kisha nikafungua kichupa cha deksamethasoni. Hoja yangu ilikuwa ya kisomi kabisa: ubongo umeathiriwa na mwako, yaani ule uvimbe wa joto ambao mwili huuanzisha unaposhambuliwa, deksamethasoni huzima mwako, basi deksamethasoni itauokoa ubongo. Muuguzi wa zamu, mama aliyeanza kazi nikiwa bado shule ya msingi, aliutazama mkono wangu.

"Daktari, mwanangu, hiyo iweke chini kwanza. Sukari umempima?"

Sikuwa nimempima. Sukari yake ilikuwa chini mno. Tulimpa dekstrosi kwa mshipa, na kabla nusu saa haijatimia alianza kulia. Sijapata kusikia kilio kilichonifurahisha kama kile. Kichupa cha deksamethasoni kilibaki mezani hadi asubuhi.

Ilinichukua miaka kadhaa ya masomo kufahamu kwa undani kwa nini hoja yangu ya kisomi ilikuwa na kasoro, na kwa nini mama yule muuguzi, ambaye hakuwa na haja ya kutaja molekuli hata moja, alikuwa sahihi. Maelezo yake yamo katika kundi la protini ziitwazo kinasi za msongo. Nimeombwa niandike juu ya protini hizo, nami naona heri nizieleze kwa kumfuata mtoto yule.

Muhuri na barua

Kinasi ni kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuchukua kundi moja la fosfeti kutoka kwenye ATP, sarafu ya nishati ya seli, na kulibandika juu ya protini nyingine. Fosfeti ni kitu kidogo, lakini kina chaji ya umeme. Kikibandikwa, protini hubadili umbo, na umbo likibadilika kazi nayo hubadilika. Mfano wake ni muhuri wa serikali ya kijiji juu ya barua: karatasi ni ile ile, maneno ni yale yale, ila sasa barua ina nguvu ya kutendewa kazi. Edmond Fischer na Edwin Krebs waligundua utaratibu huu wakichunguza misuli katika miaka ya 1950, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1992. Mwanadamu ana aina zaidi ya 500 za kinasi, na kila moja inajua ni barua zipi inaruhusiwa kuzipiga muhuri.

Mwaka 1990 John Kyriakis na Joseph Avruch, watafiti wa Boston, waliwadunga panya dawa inayozuia seli kutengeneza protini, kisha wakachunguza maini yao. Humo walikuta kinasi iliyoamka kwa sababu ya dhiki hiyo. Miaka minne baadaye mambo yalifurika. Katika mwaka mmoja tu, 1994, maabara mbalimbali zilizokuwa zikifuata njia tofauti zilijikuta zimekutana kwenye mlango mmoja. Wengine walikuwa wameziunguza seli kwa joto, wengine kwa mionzi ya urujuanimno, wengine kwa chumvi nyingi, wengine kwa sumu itokanayo na ukuta wa bakteria. Wengine tena walikuwa wakitafuta tu ni protini ipi inayokamatwa na dawa yao mpya ya kutuliza mwako. Wote walikuta jamii mbili za kinasi zilizo ndugu: moja ikaitwa JNK, nyingine p38, kwa kuwa uzito wake ni kilodaltoni 38. Kwa pamoja ndizo kinasi zinazoamshwa na msongo.

Neno "msongo" hapa lisitupoteze. Wagonjwa wangu wengi wakilisikia hudhani ninasema juu ya mawazo ya ada ya shule. Msongo wa seli ni joto, ukame, chumvi, sumu, kukosa oksijeni, kuingiliwa na vijidudu. Hata hamira ya mandazi ina kinasi ya jamii hiyo hiyo, iitwayo Hog1, ambayo huiwezesha kustahimili chumvi. Hamira iliyonyang'anywa Hog1 haimei penye chumvi nyingi. Lakini watafiti walipoipandikizia JNK ya binadamu, ilimea. Mbinu hii ya kujihami, basi, ni ya kale kuliko wanyama wenyewe.

Mbiu inavyopigwa

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Katika kijiji, anayeona moto hapigi mbiu yeye mwenyewe. Humwambia balozi, balozi humwambia mtendaji, na mtendaji ndiye anayeamuru. Seli nayo ina ngazi tatu. Kipokezi kilicho kwenye utando wa nje kikigusa hatari, huiamsha kinasi ya kwanza; hiyo huipiga muhuri kinasi ya pili; ya pili huipiga muhuri p38 au JNK, tena mahali pawili kwa pamoja, ili pasiwe na makosa. Muhuri mmoja hautoshi kuamuru kijiji kizima kikimbie.

Turudi kwa mtoto wa Kivukoni. Vimelea vya malaria huzaana ndani ya chembe nyekundu za damu kwa muda wa saa 48 hivi, kisha huzipasua zote kwa mkupuo. Mpasuko huo humwaga damuni vipande vya vimelea: molekuli zenye mafuta na sukari ambazo vimelea hutumia kujishikizia protini zao, pamoja na rangi nyeusi iitwayo hemozoini. Seli mlaji za kinga, yaani makrofaji, huzigusa takataka hizo, na ndani ya dakika chache p38 na JNK zimekwisha kupigwa muhuri.

JNK huelekea kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za kujihami. Kazi ya p38 ni ya hila zaidi, nami huwa sichoki kuifundisha. Makrofaji huandika maagizo ya kutengeneza TNF, protini ya kuwaita askari wengine, kwa wino usiodumu: maagizo hayo ya RNA kwa kawaida huchanwa baada ya dakika chache. Ipo protini maalumu ambayo kazi yake ni kuyapeleka kwenye kuchanwa. Sasa p38, kwa kupitia msaidizi wake, humpiga muhuri mchanaji huyo, naye huacha kazi. Barua hudumu, TNF hutengenezwa kwa wingi, na pamoja nayo protini nyingine za mwako. Hizo husafiri hadi ubongoni na kusababisha kutengenezwa kwa prostaglandini, ambayo hupandisha kiwango cha joto ambacho ubongo unakiona ndicho sahihi. Mtoto hutetemeka, hujikunyata, kisha huchemka.

Kwa hiyo ile homa aliyoigusa mama pale kwenye dungu haikuwa kimelea. Ilikuwa mbiu. Parasetamoli hufanya kazi mwisho kabisa wa mnyororo huu, kwenye prostaglandini. Humpunguzia mtoto maumivu na kumwezesha kunywa maji, na mimi huiandika kila siku. Lakini haimgusi kimelea hata mmoja. Mtoto akipoa baada ya parasetamoli, vimelea viko pale pale ndani ya chembe nyekundu, vinasubiri mpasuko ujao. Simlaumu mama yule. Alikuwa na ushahidi wa mikono yake mwenyewe: mtoto alikuwa wa moto, amempa dawa, amepoa. Sisi tuliosoma ndio hatukuwa tumemweleza kwamba kupoa si kupona.

Mfuta muhuri

Mbiu isiyonyamaza ni balaa. JNK ikiwaka kwa muda mfupi huisaidia seli kuishi. Ikiendelea kuwaka kwa saa nyingi huweza kuisukuma seli kujiua. Kwa sababu hiyo seli huweka pia wafuta mihuri, vimeng'enya vinavyozibandua fosfeti. Mmoja wao, aitwaye DUSP1, hutengenezwa punde tu mbiu inapolia, kana kwamba kijiji kimemtuma mtu wa kuipokonya. Mwaka 2006 makundi kadhaa ya watafiti yalionyesha kwamba panya wasio na DUSP1 wakidungwa sumu ya bakteria hutoa TNF kupita kiasi na hufa kwa urahisi kuliko wenzao. Hakuna mdudu hai aliyewaua panya hao. Waliuawa na ulinzi wao wenyewe.

Na deksamethasoni? Sehemu ya nguvu yake ni kwamba huiagiza seli kutengeneza DUSP1 kwa wingi, hivyo kuinyamazisha p38. Nilipolifahamu jambo hilo nilijiona, kwa muda mfupi, kuwa sikukosea sana usiku ule. Kama kuna dawa inayopeleka mfuta muhuri, na mtoto anaumizwa na mihuri mingi, tatizo liko wapi?

Tatizo ni kwamba jambo hilo lilikwisha kujaribiwa kabla hata mimi sijaanza shule, na majibu yalikuwa mabaya. Mwaka 1982 David Warrell na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 100 wa malaria ya ubongo nchini Thailand. Waliopewa deksamethasoni hawakupona zaidi. Walikaa bila fahamu muda mrefu zaidi, tena walipata matatizo mengine mengi zaidi, yakiwamo nimonia na kutokwa damu tumboni. Mwaka 1996 yalitoka majibu ya utafiti wa Gambia, ambako watoto 610 wenye malaria ya ubongo waligawanywa: wengine walipewa kingamwili inayoifunga TNF, wengine dawa bandia. Homa ilishuka upesi zaidi kwa waliopewa kingamwili, lakini vifo havikupungua. Na katika waliopona, waliopewa kingamwili ndio waliobaki na ulemavu wa neva kwa wingi zaidi.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji mtaalamu atue kidogo. Tulikuwa na nadharia nzuri, yenye kinasi na saitokini zake, na wagonjwa waliikataa. Sababu mojawapo ni hii: chembe nyekundu zenye vimelea hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya damu ya ubongo na kuiziba. Ni kweli kwamba TNF huchangia, kwa kuzifanya kuta hizo zitoe vishikio zaidi vya kunatia. Lakini mishipa ikishaziba, kunyamazisha mbiu hakuiondoi chembe hata moja iliyonata. Tena huenda mtoto hana sukari, hana damu ya kutosha, ana asidi nyingi mwilini, na mara nyingine ana maambukizo ya bakteria yanayofichwa na malaria. Kumzimia kinga wakati huo ni kumnyang'anya ngao. Homa yenyewe haina ubaya mtupu: kwenye maabara, joto la nyuzi 40 huzuia ukuaji wa vimelea vya falsiparumu vilivyofikia hatua za mwisho.

Simaanishi kwamba deksamethasoni ni dawa mbaya. Huokoa maisha katika homa ya uti wa mgongo itokanayo na kifua kikuu, na mwaka 2020 ilithibitika kuwaokoa wagonjwa wa UVIKO-19 waliohitaji oksijeni. Ni chombo chenye mahali pake, na katika malaria ya ubongo hakina mahali. Nalisema kwa mkazo kwa sababu bado napokea watoto waliokwisha kuchomwa sindano hiyo njiani, "ili homa ishuke," kabla ya kupimwa malaria.

Waliotaka kuizima p38 moja kwa moja nao hawakufika mbali. Dawa za vidonge za kuizuia zilitengenezwa kwa ajili ya baridi yabisi na magonjwa ya moyo. Nyingine zilidhuru ini. Nyingine zilishusha viashiria vya mwako kwa wiki chache, kisha vikapanda tena, kwani p38 ikizibwa, breki zake nazo huzibwa na njia jirani huchukua kazi. Losmapimodi, iliyojaribiwa kwa wagonjwa zaidi ya 3,000 wa mshtuko wa moyo, haikuonyesha manufaa yoyote majibu yalipotoka mwaka 2016.

Kilichopunguza vifo vya malaria kali ni kuua vimelea upesi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 wa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwamo, ulilinganisha artesuneti ya sindano na kwinini: waliofariki walikuwa asilimia 8.5 kwa artesuneti na 10.9 kwa kwinini. Artesuneti huua hata vimelea vichanga, kabla havijaanza kunata. Huizuia mbiu kwa kumwondoa mwizi.

Mbu naye

Bonde la Kilombero limefundisha dunia mengi juu ya mbu, tangu Rudolf Geigy alipofungua maabara ya Waswisi pale Ifakara mwaka 1957, maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Kwa hiyo itakuwa utovu wa adabu nisimtaje. Mbu naye huvamiwa na kimelea, na seli za tumbo lake hupiga mbiu ile ile. Mwaka 2013 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba katika mbu aina ya Anopheles gambiae njia ya JNK ni nguzo ya kinga dhidi ya kimelea: ikizimwa, vimelea vinavyopenya tumbo la mbu na kuendelea huongezeka. Vimelea vingi hufia humo. Anayetuuma na kutuambukiza ni mbu ambaye mbiu yake ilishindwa.

Mbu wa gambiae amekuwa adimu bondeni tangu vyandarua vienee. Mwaka 1997 mradi wa vyandarua vyenye dawa, vilivyouzwa kwa jina la Zuia Mbu, ulianza Kilombero na Ulanga, na uhai wa watoto wadogo waliovitumia uliongezeka kwa asilimia 27. Siku hizi katika vijiji vya bonde hili Anopheles funestus, ingawa si mwingi kuliko wenzake, ndiye anayeleta zaidi ya asilimia 80 ya maambukizo, na amejenga usugu dhidi ya dawa za kundi la pairethroidi zinazopakwa kwenye vyandarua. Chandarua kingali kinamzuia asimfikie mtu, mradi kitundikwe. Huulizwa mara nyingi kama inafaa kubeba chandarua hadi kwenye dungu. Inafaa mno, shambani ndiko familia nyingi za Kivukoni hulala majira ya mpunga, na huko zahanati huwa mbali zaidi.

Swali la vijiti

Daraja lilifunguliwa mwaka 2018, na siku hizi kutoka Kivukoni hadi Ifakara ni suala la bodaboda. Masika yaliyopita nilivuka kwenda kuzungumza na wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Nilichora mnyororo wangu wa kinasi kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani, wakaufuata vizuri, kisha wakaniuliza mambo waliyokuwa na haja nayo.

Tulikubaliana hivi. Mtoto mwenye homa apimwe malaria kwa kipimo cha haraka siku hiyo hiyo, hata kama amepoa kwa parasetamoli. Akiwa na malaria isiyo kali, apewe dawa mseto na amalize dozi yote. Asiyeweza kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea au kupoteza fahamu, ana dalili ya hatari. Kama ni chini ya miaka sita na sindano haipatikani, apewe artesuneti ya kuwekwa njia ya haja kubwa na apelekwe hospitali papo hapo. Dawa hiyo ni ya njiani, haimalizi matibabu. Panapokuwa na sindano, artesuneti hutolewa mara moja, kisha baada ya saa 12 na 24, miligramu 3 kwa kila kilo kwa mtoto wa chini ya kilo 20 na 2.4 kwa mwenye uzito zaidi, na baadaye dozi kamili ya dawa mseto. Deksamethasoni ibaki kabatini.

"Na sukari, Daktari?" aliuliza dada mmoja wa zahanati. "Mashine tunayo, vijiti vya kupimia ndiyo vimekwisha tangu mwezi jana."

Nilimwambia kwamba mtoto asiye na fahamu, ambaye sukari haiwezi kupimwa, ahesabiwe kuwa sukari yake imeshuka na atibiwe hivyo: dekstrosi kwa mshipa, na kama mshipa haupatikani, kijiko kimoja cha chai cha sukari iliyoloweshwa kwa maji kiwekwe chini ya ulimi, kirudiwe kila baada ya dakika 20, huku mtoto amelazwa ubavu na safari ya hospitali imekwisha kuanza. Waliandika. Mama mmoja mtu mzima aliyekaa nyuma akauliza kama sukari hiyo anaweza kuifunga kwenye karatasi na kuiweka ndani ya begi lake la kazi, pamoja na vipimo. Nikamjibu kwamba anaweza, na aandike tarehe juu yake ili aibadilishe kabla haijaingiwa na sisimizi.